Kadenge na mpira, sisi na deni lake

Agosti 10, 2025 Harambee Stars waliifunga Morocco bao moja kwa bila pale Kasarani, nao wakiwa wamebaki kumi uwanjani baada ya mwenzao kuonyeshwa kadi nyekundu. Kabla ya mashindano hayo ya CHAN kuanza, Rais Ruto alikuwa keshaahidi shilingi milioni moja kwa kila mchezaji kwa kila mechi watakayoshinda. Kwenye baraza letu la kahawa usiku ule, ile milioni ilizungumzwa kuliko bao lenyewe la Ryan Ogam. Wako walioona ni nyingi mno, wako waliohesabu vidoleni mwanawe jirani angepata ngapi lau angekazana na mazoezi. Mimi nilifurahi. Mchezaji ni mfanyakazi, na dini yetu haina mchezo na ujira wa mtu.

Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa kimya muda wote na kikombe chake, akauliza: "Na Kadenge alilipwa ngapi?"

Watu walicheka, kisha mazungumzo yakahamia kwingine. Lakini swali lile si la kucheka, na makala haya ni jaribio langu la kulijibu.

Kwa vijana ambao jina hili wanalijua kama msemo tu, Joe Kadenge alikuwa mtu, tena mtu wa juzi. Alizaliwa Vihiga, magharibi mwa Kenya, akacheza Maragoli United, kisha Abaluhya, klabu iliyoundwa mwaka 1964 na ambayo leo mnaiita AFC Leopards. Jina lilibadilishwa mwaka 1980 serikali ilipoamuru klabu ziache majina ya makabila. Miaka ya mwisho ya ukoloni na ya mwanzo ya uhuru, alikuwa ndiye mshambuliaji wa timu ya taifa anayetajwa kwanza. Aliichezea Kenya katika Kombe la Gossage, lile lililoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, baadaye Tanganyika na Zanzibar wakaingia. Wazee wa Unguja wanalikumbuka vizuri kombe hilo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2002, alirudi kuwa kocha wa Harambee Stars kwa muda mfupi. Alifariki Nairobi tarehe 7 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 84.

Nimezaliwa muda mrefu baada ya yeye kuvua viatu. Sijawahi kuona hata dakika moja ya filamu akiwa anacheza, na nimetafuta. Hata hivyo, nikiwa mtoto, uwanja wa vumbi nyuma ya madrasa, yeyote aliyepiga chenga mbili mfululizo alijitangaza mwenyewe kwa sauti: "Kadenge na mpiraaa!" Mpira wenyewe ulikuwa wa makaratasi na kamba. Hatukujua Kadenge ni Mmaragoli wala ni wa Abaluhya. Tulijua ni mtu ambaye mpira ukimfikia hautoki.

Utazame vizuri msemo huo. Hauna kitenzi. Mtangazaji hakusema Kadenge anakimbia, wala Kadenge anampita fulani. Alimtaja mtu na chombo chake, akanyamaza nukta moja, na nchi nzima ikajaza yaliyobaki. Mtu wa Kisumu alijaza vyake, wa Lamu vyake. Lau kungekuwa na televisheni kila nyumba wakati ule, nadhani Kadenge angekuwa mchezaji mzuri kama wazuri wengine. Redio ndiyo iliyomfanya awe mkubwa kuliko uwanja.

Na redio hiyo ilisema Kiswahili, na sauti inayotajwa sana katika habari ya "Kadenge na mpira" ni ya mtu wa kwetu. Leonard Mambo Mbotela alizaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940, katika kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Mwana akaingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, na miaka miwili baadaye akaanzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? ambacho kilidumu miongo na miongo. Watangazaji wa mpira walikuwa wengi, na wengine pia walilitaja jina la Kadenge hewani, lakini ukimwuliza Mkenya wa rika la baba yangu, atakutajia Mambo. Yeye naye alifariki tarehe 7 Februari 2025, umri wake miaka 84, sawasawa na Kadenge.

Nayataja haya kwa sababu kuna kasumba hapa Pwani ya kuona mpira wa Nairobi ni mambo ya bara, hayatuhusu, wao na Gor yao na Leopards yao. Mtu anayesema hivyo hajawahi kupanda matatu ya Jogoo Road.

Mimi hufika Nairobi mara mbili tatu kwa mwaka kwa shughuli zangu, na hupenda kulala upande wa Pumwani kwa sababu adhana naisikia na mahamri nayapata. Ukitoka hapo kuelekea mashariki, majina ya mitaa ni kama umerudi nyumbani: Pumwani, Ziwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 30 kwa ajili ya watu waliobomolewa nyumba zao Pangani, na wengi wao walikuwa Waislamu, watu wa kanzu na kofia. Kaloleni ilikuja miaka ya 40, na ukumbi wake wa kijamii ukawa kituo cha siasa za Waafrika wa Nairobi. Mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa KAU aliyeuawa Novemba 1952, wa ukoo huo huo wa Freretown. Kwa hivyo jina lililo kwenye ubao wa matatu ya Eastlands na sauti iliyombeba Kadenge redioni ni nyumba moja, na nyumba hiyo ni ya Mombasa.

Hii mitaa ndiyo iliyoulea mpira wa Kenya. Ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, wa manispaa na wa viwandani, vyumba vidogo, watu wengi, na kati ya nyumba kukaachwa viwanja vya wazi. Mpangaji wa kikoloni alidhani anawapa watu hewa. Watu wakaweka magoli. Camp Toyoyo kule Jericho na Hamza kule Makadara, muulize kocha yeyote wa Nairobi, atakwambia ni wachezaji wangapi wametoka hapo. Muthurwa, mtaa wa reli ulio mlangoni kabisa mwa Eastlands, ndiko walikokulia McDonald Mariga, aliyekuwa kwenye kikosi cha Inter Milan kilichobeba Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 2010, na mdogo wake Victor Wanyama, aliyeifungia Celtic dhidi ya Barcelona mwaka 2012. Baba yao, Noah Wanyama, aliichezea Leopards. Leo ukiwa kitandani na simu unaweza kuona kila bao la Wanyama. La Kadenge huoni hata moja.

Na katikati ya yote hayo, penye mzunguko wa barabara na moshi wa nyama ya Burma, kuna City Stadium. Zamani ulikuwa uwanja wa Waafrika, kwa jina hilo hasa, African Stadium, kwa sababu wakati ule hata kiti cha kutazamia mpira kilikuwa na rangi ya ngozi. Kadenge alipokuwa kwenye ubora wake, Jumapili ya Nairobi ilikuwa inaelekea huko, kwa miguu, kwa baiskeli, na kwa mabasi yaliyojaa mpaka mlangoni.

Sasa turudi kwenye swali la mzee.

Kadenge alilipwa ngapi? Kwa maana ya mshahara wa mpira, jibu ni karibu na hakuna. Mpira wa wakati ule ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji mzuri alitafutiwa kazi na kampuni ama idara, akafanya kazi asubuhi, akafanya mazoezi jioni, na Jumapili akawafurahisha watu elfu kadhaa waliolipa kiingilio. Kiingilio kilikwenda kwa klabu na kwa chama. Mchezaji alipata nauli, chakula, na heshima ya mtaani, ambayo ilikuwa kubwa. Mguu ukichoka, vyote vilikatika siku moja. Kadenge alipostaafu alishika usukani wa teksi. Kwa miaka mingi Nairobi, mtu angeweza kuingia kwenye teksi na kugundua katikati ya safari kwamba anayempeleka ni yule yule wa redioni.

Wako wanaoisimulia habari ya teksi kama kichekesho, ama kama aibu. Mimi siioni aibu ndani yake. Kuendesha teksi ni kazi ya halali na mtu aliwalea wanawe nayo. Nyumbani kwake kulikuwa mtaa wa Mariakani, South B, ng'ambo ya viwanda ukitokea Makongeni. Naam, Mariakani, jina jingine la kwetu. Kinachonikera ni kilichofuata uzeeni. Kiharusi kilipompata, ndipo taifa likakumbuka. Wakubwa wakamiminika Mariakani, kamera zikiwa mbele, picha zikapigwa mzee akiwa kitini. Msaada ulitolewa, sitaki kumdhulumu mtu kwa kusema haukutolewa. Lakini ulikuja kama sadaka, kwa wakati autakao mtoaji, na mpokeaji akalazimika kuugua hadharani ili aupate.

Hapo ndipo ningependa Mambo Mbotela angewauliza wakubwa swali la kipindi chake.

Alipofariki, mambo yakaenda kasi. Gavana wa Nairobi wa wakati huo, Mike Sonko, alitangaza mwezi huo huo kwamba City Stadium utaitwa Joe Kadenge Stadium. Ni jambo zuri na nililipongeza. Lakini mara ya mwisho nilipokuwa Jogoo Road nilimwambia utingo anishushe Kadenge Stadium, akanitazama kama mtu aliyeshuka kwenye jahazi jana. "City, mzae?" Nikasema ndiyo, City. Majina huchukua muda kukaa, sina neno. Ila nimeona mpangilio wa hesabu zetu: jina la uwanja halimgharimu mtu chochote, ndiyo maana lilipatikana ndani ya mwezi mmoja. Bima ya matibabu ina gharama, na haikuwa imepatikana kwa miaka hamsini.

Mtu ataniambia sheria haikuwepo. Ilikuwepo. Bunge lilipitisha Sheria ya Mashujaa wa Kenya mwaka 2014, miaka mitano kabla Kadenge hajafa, na sheria hiyo ikaunda Baraza la Mashujaa la Taifa kwa kazi ya kuwatambua na kuwatunza watu walioitendea nchi makubwa. Fedha nazo? Kuna Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo imekuwa ikipata fedha kutokana na kodi za kamari na bahati nasibu. Sisi Waislamu tuna yetu ya kusema kuhusu chanzo cha fedha hizo, na hilo ni la siku nyingine. Serikali haijaona tatizo, na fedha zipo. Zimelipa tiketi za ndege, kambi, marupurupu, na sasa saruji ya viwanja. Uwanja wa Talanta unajengwa kwa ajili ya AFCON ya 2027, ambayo Kenya itaandaa pamoja na Uganda na Tanzania, na utabeba watu elfu sitini.

Pendekezo langu ni dogo kuliko goli moja la uwanja huo. Kila mtu aliyewahi kuivalia Kenya jezi katika mechi rasmi, na amefika miaka sitini, alipiwe mchango wake wa SHA kutoka kwenye Hazina ya Michezo mpaka siku yake ya mwisho. Hakuna haja ya nyumba wala pensheni ya mamilioni. Nazungumzia kadi ya hospitali. Kikosi ni watu ishirini na kitu, na mchezaji mmoja hukaa humo miaka mingi, kwa hivyo hata ukianza kuhesabu kutoka mwaka 1963, walio hai na wazee sidhani wanafika elfu moja. Hesabu hiyo ni yangu ya kidole, wenye daftari watanirekebisha. Shida ni kwamba sina uhakika kuna mwenye daftari. Viongozi wa chama cha soka wamepigana na kupeana kesi mara nyingi hata sijui nyaraka za miaka ya 60 zimelala kabati gani, ikiwa zimelala popote.

Najua hoja ya upande wa pili, maana nimeisikia barazani na ina uzito. Mama anayeuza samaki Kongowea amelipa ushuru wa soko miaka thelathini, magoti yamekwisha, na hakuna anayemlipia SHA. Mwalimu wa madrasa vile vile. Kwa nini mpiga mpira? Sina jibu la kumridhisha mama huyo, na asiponielewa nitamwelewa. Nitasema tu kwamba hazina hii imeundwa kwa jina la michezo, na ni vigumu kueleza vipi fedha za michezo zinafika kwa mzabuni wa viti vya plastiki kabla hazijafika kwa mtu aliyewafanya watu wakae kwenye viti hivyo. Pia, vijana waliopata milioni kwa kuifunga Morocco wanaangaliwa na wadogo zao. Mchezaji wa leo ana mkataba, ana wakala, huenda ana shamba. Lakini ligi yetu bado ni ile ambayo wachezaji hulalamika kila msimu kwamba mishahara imechelewa miezi. Wengi wa waliofika robo fainali ya CHAN, wakatolewa na Madagascar kwa penalti, hawatakwenda Ulaya. Watarudi Kariobangi, Umoja, Dandora, na miaka thelathini ijayo watakuwa wazee wa mtaa.

Sasa kwetu. Tusimcheke mtu wa Nairobi.

Mwaka 1965 klabu ya Feisal ya Mombasa ilichukua ubingwa wa Kenya. Ligi ya taifa ilikuwa na miaka miwili tu, Nakuru All Stars wakiwa wameichukua mwaka 1963 na Luo Union mwaka 1964. Baada ya Feisal wakaja Abaluhya wa akina Kadenge, mara mbili mfululizo, 1966 na 1967. Maana yake Mombasa ilikuwa ikikabana na timu hiyo koo kwa koo. Wazee wanasimulia safari za treni usiku kucha, timu ikiteremka Nairobi alfajiri na kucheza alasiri. Ali Kajo alikuwa jina la taifa wakati mmoja na Kadenge. Liverpool ya Mombasa, iliyokuja kuitwa Mwenge, ilikuwa na mashabiki waliogombana na wake zao kwa ajili yake. Leo Bandari wanajitahidi, Ngao ya taifa waliibeba mwaka 2015, na mechi zao huchezwa Mbaraki kwa sababu Uwanja wa Manispaa umekaa miaka ukiwa kifusi na vyuma. Ahadi za ule uwanja tumezisikia kutoka kwa zaidi ya gavana mmoja.

Hao wazee wa 1965, mmoja alikuwa jirani yetu. Sitamtaja, familia yake haikuniruhusu. Alikuwa akikaa nje ya nyumba yake jioni, miguu imevimba, watoto wakipita na mpira bila kujua ni nani. Alipolazwa, tulifungua kundi la WhatsApp, tukatuma nambari ya M-Pesa, watu wakachanga mia mbili, mia tano, mmoja wa Muscat akatuma elfu kumi, Allah amlipe. Bili ilipungua, haikwisha. Alipofariki, kundi lile lile likageuzwa jina likawa la mazishi, na katika siku mbili tukakusanya zaidi ya tulichokusanya kwa mwezi mzima alipokuwa hai. Sanda ilikuwa nzuri. Viongozi walihudhuria, mmoja alisema kaunti itaangalia namna ya kumuenzi.

Hakuna uwanja, hakuna barabara, hata kibao. Ukilinganisha, Kadenge alibahatika.

Kwa hivyo kabla sijaidai serikali kuu, naanza na kaunti. Kila mwaka Kaunti ya Mombasa huitisha vikao vya wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, na vikao hivyo aghalabu huwa na viti vitupu. Nakusudia kwenda na karatasi mbili. Ya kwanza ni ombi la kifungu kidogo katika idara ya michezo kwa ajili ya SHA ya wachezaji wastaafu wa Mombasa waliocheza ligi ya taifa. Ya pili ni orodha ya kikosi cha Feisal cha 1965, nani yu hai na yuko mtaa gani, kwa sababu afisa wa kaunti ataniuliza ni wangapi, na nikimwambia sijui ndio mwisho wa mazungumzo. Majina niliyopata mpaka sasa ni machache, na mengine ni ya utani wa uwanjani ambayo hayawezi kuandikwa kwenye fomu yoyote. Msomaji mwenye babu, mjomba au jirani aliyekuwa kwenye timu ile, ama aliyekuwa Liverpool, naomba uniletee jina lake kamili kupitia tovuti hii, na mwaka aliocheza. Ikiwa kuna picha, hata iliyoliwa na mende, tutaipokea.